Picha za Jumapili

Lynette Pascoe ana miaka thelathini na moja ya kazi katika maabara yetu ya ulinzi, kaskazini mwa Adelaide, Australia. Kazi yake ni kutazama picha za rada, zile za chengachenga nyeupe, na kuifundisha kompyuta: hili lori, hiki kichaka. Shahada hana. Sisi tunazo, na kiburi pia.

Mwezi Machi kompyuta ilipatia malori tisini na nane kati ya mia. Bosi wetu, Dakta Whitford, akaleta keki. Lynette hakuigusa.

"Hebu ipeni picha za Jumapili," akasema.

"Jumapili uwanja wa majaribio hauna hata gari moja, Lyn!" Whitford akasema.

"Ndiyo maana nazitaka."

Nikaziweka mwenyewe. Kompyuta ikajibu: lori. Ya pili: lori. Ya tatu: lori. Programu niliiandika mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ndege yenu hupiga picha saa nne," Lynette akasema. "Saa nne madereva wanakunywa chai. Na kwa jua lile, nani ataacha lori mbali na kivuli? Wote wanaegesha ubavuni mwa kibanda cha mabati, na mabati yanang'aa kwenye rada kuliko lori lolote."

Whitford akaweka kisu chini. "Kwa hiyo miaka miwili tumeifundisha nini?"

"Kibanda cha chai, Dakta. Ungefika kule hata siku moja, na wewe ungekijua."