Mtaa Usiopitwa na Magari

Mayasa, mwanamke wa Tanga anayeuza mabuibui na mitandio Fordsburg, mjini Johannesburg, hakuwahi kufika China mpaka mumewe alipopoteza macho.

Safari zilikuwa za Twalib. Yeye ndiye aliyekwenda Guangzhou mwaka baada ya mwaka kuchagua mali, na Mayasa ndiye aliyebaki dukani kuiuza. Hivyo ndivyo walivyogawana maisha yao ya Johannesburg. Kisha kisukari kikamshambulia macho. Twalib akaacha kuendesha gari, akashindwa kusoma ujumbe kwenye simu, halafu asubuhi moja akamuuliza mkewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chai:

"Mama Samira, taa imewashwa?"

Ilikuwa imewashwa.

Tangu hapo hakutaka kutoka. Alishinda na redio yake ndani ya nyumba yao ya mtaa wa Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, na siku za mechi alisikiliza kelele za uwanjani zikiingia dirishani. Alikuwa mtu wa mzaha. Mzaha ukamwisha.

Mali ya duka ilipopungua, Mayasa akakata tiketi. Aliongozana na Nasra, jirani yake wa dukani, aliyezijua njia za kule. Binti yao, Samira, akaahidi kukaa na baba yake na kumpokelea simu.

Walizunguka masoko ya jumla mpaka nyayo zikawaka moto. Mzigo ulipofungwa, Nasra alijitupa kitandani hotelini na kusema hainuki tena. Hapo Twalib akapiga simu.

"Umemaliza? Basi nenda Beijing Road. Ni mtaa wa maduka, wa kutembea kwa miguu tu. Hakuna gari, hakuna robot za kuongozea magari."

"Nikanunue nini?"

"Usinunue kitu. Tembea tu. Mimi nilikuwa naenda kila safari."

Mayasa alishangaa. Miaka yote ile hakuwahi kuusikia mtaa huo. Alikwenda, simu sikioni, jioni taa za maduka zinaanza kuwaka huku Johannesburg bado ni mchana. Watu walijaa barabara nzima, ukuta kwa ukuta, wakitembea bila haraka.

"Angalia chini, katikati," Twalib alisema. "Kuna kioo."

"Nakiona. Watu wanachungulia. Chini yake kuna mawe ya zamani."

"Hizo ni barabara za mababu zao, moja juu ya nyingine. Sasa nenda mbele kidogo. Mkono wa kushoto kuna kiduka cha maziwa mgando ya moto."

Mayasa alitazama kushoto. Palikuwa na duka la simu, limeng'aa kila pembe.

"Hakipo, baba Samira. Pamekuwa duka la simu."

"Basi, rudi tu hotelini," Twalib akasema. Mayasa hakutaka kuondoka hivyo. Aliwaona wasichana wawili wanatoka kichochoroni wameshika mabakuli, akaingia huko huko, na kweli, mama mmoja alikuwa anauza maziwa meupe yaliyogandia bakulini, yanafuka moshi. Mayasa aliyaonyesha kwa kidole, akalipa, akaonja.

"Nimeyapata! Lakini mbona sukari yote hii? Ulikuwa unayala haya?"

"Mabakuli mawili," Twalib akasema, na Mayasa akamsikia anacheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoisikia sauti ile. Alikaa kwenye benchi, bakuli mapajani.

"Na ulikuwa unakuja na nani huku?"

"Peke yangu. Nilikuwa nakaa nawaangalia watu wametoka na wake zao. Najiambia, safari ijayo nitamleta Mayasa. Halafu nafika nyumbani, tunaulizana duka litabaki na nani."

Alimwita kwa jina lake. Tangu Samira azaliwe hakuwahi kumwita hivyo. Mayasa alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na mzee mmoja aliyeketi pembeni yake akasogea kumpa nafasi zaidi.

Aliporudi Johannesburg, kabla hata ya kufungua mizigo, alimwambia mumewe kwamba msimu ujao wataondoka wote, na Samira atakaa dukani.

"Nitafanya nini China, mimi kipofu? Nitakuwa mzigo."

"Mizigo ya kubeba ninayo. Wewe una miguu yako."

"Watu watanicheka, Mayasa."

"Waache wacheke. Tutakuwa wawili."

Twalib alibisha wiki kadhaa. Mwishowe akaomba atafutiwe viatu vyepesi, na Mayasa akajua amekubali. Akaanza kumtembeza Bertrams, kila asubuhi, mkono wake juu ya kiwiko cha mkewe, mpaka hofu ya mawe na ngazi ikampungua.

Guangzhou iliwapokea kwa mvua. Nasra, waliyesafiri naye tena, alikwenda sokoni mwenyewe siku hiyo, akawaachia mwavuli mmoja. Waliutembea mtaa ule polepole, Mayasa akimsimulia anachokiona: mtoto aliyebebwa mgongoni, duka la viatu vyekundu vitupu. Mlangoni pa duka la majani ya chai, msichana alimwekea Twalib kikombe kidogo mkononi. Twalib alikunywa, akashukuru kwa Kichina chake kibovu. Msichana akafurahi, akaongea maneno mengi.

"Amesema nini?" Mayasa aliuliza walipoondoka.

Twalib alifikiri kidogo.

"Amesema nisikuachie mkono."

Mayasa alijua hakuelewa hata neno moja. Akauvuta mkono wa mumewe karibu zaidi, wakaendelea kutembea.