Tope la Miezi Mitatu

Je, wewe ungemuuza mtamba wako ili upewe karatasi inayosema unajua kazi ambayo tayari unaijua?

Esta alimuuliza mumewe swali hilo, nami, kwa kuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka huu na damu yangu ingali inachemka, nikaruka kumjibia.

"Auze, shemeji. Auze hata kuku."

Mumewe ni Zebedayo wa hapa kwetu Vudee, mtu wa miaka thelathini na ushee, mrefu, mcheshi, utingo wa lori linalobeba magunia kati ya Same na Gonja. Kuendesha anajua. Dereva wake akichoka humwachia usukani kwenye tambarare ya Kisiwani, na wakikaribia boma la serikali hubadilishana viti. Lakini hana cheti, kwa hiyo mshahara wake ni wa kupakia na kushusha. Jambo hili huniwasha kama upupu. Nchi ni yetu, barabara tumeichimba sisi, halafu mtu anayeweza kuliongoza lori analala juu ya magunia.

Tulikuwa uani kwake siku hiyo, na hesabu tuliifanya kwa maharage juu ya ungo wa Esta. Mafunzo ya udereva huko Moshi ni miezi mitatu, ada shilingi mia na themanini. Chakula na pa kulala, sitini. Halafu kuna mshahara wa utingo atakaoukosa, arobaini na tano kila mwezi. Jumla mia tatu sabini na tano. Dereva mwenye cheti hupata mia na thelathini kwa mwezi, yaani themanini na tano zaidi ya utingo.

"Mwezi wa tano wa kazi, gharama yote imerudi," nikasema. "Baada ya hapo ni faida tupu mpaka uzeeni."

Zebedayo alicheka peke yake, akashika ungo kwa mikono miwili kama usukani na kukata nao kona.

"Utamwaga mboga," Esta akasema. Kisha, bila kuinua kichwa: "Na zamu ya maji?"

Hilo hatukuwa tumelihesabu. Kijiji chetu kinamwagilia kwa ndiva, bwawa tunaloliziba jioni lijae maji ya kijito usiku kucha, tukalizibua asubuhi. Tope lake huondolewa kwa msaragambo: baragumu likilia, kila nyumba hutoa mwanamume mmoja mwenye jembe. Nyumba isiyotoa mtu hupoteza zamu yake ya maji. Miezi mitatu ya Moshi ilikuwa ndiyo miezi mitatu ya kiangazi.

"Watoto hawatakula themanini na tano ambayo haijapatikana," Esta akasema. "Watakula maharage. Nihakikishieni maji, na mtamba nitamfungua kamba mimi mwenyewe."

Jumatatu baragumu lililia, tukapanda ndivani. Treni ya Moshi ilikuwa ya kesho yake. Sikungoja. Nilipanda juu ya tuta nikawahutubia watu kuhusu maendeleo, na haki ya Mwafrika kushika usukani wa nchi yake.

"Mwalimu," akasema jirani yetu Gideoni, "shuka. Umekanyaga jembe langu."

Nikashuka. Mzee Sefania, msimamizi wa ndiva, alimgeukia Zebedayo. "Umesikia hotuba. Wewe unasemaje?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sheria ya ndiva haiijui Moshi, mwanangu. Inajua tope."

"Basi nipimieni tope langu la miezi mitatu. Nitalitoa leo."

Watu walitazamana, kisha kicheko kikalipuka ukingo mzima. Mzee Sefania hakucheka. Aliteremka kwenye kona yenye tope zito, akapima kwa fimbo yake, akaichomeka.

"Mpaka hapa. Nisikie jembe likigonga udongo mgumu."

"Isogeze kidogo, mzee," akasema Gideoni. "Huyu atarudi na lori atutimulie vumbi."

"Nikirudi nitakupakia," Zebedayo akamjibu, tayari yumo kwenye tope la magoti.

"Bure?"

"Wengine bure. Wewe utalipa."

Sisi tulimaliza sehemu zetu, yeye hata nusu hajafika. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Kila alipoinua jembe alinguruma kama lori mlimani, akibadilisha gia, na kina mama waliokuwa wameleta makande wakawa abiria.

"Dereva, nishushe Same."

"Shikilia, mama, breki zina tope."

Niliingia nimsaidie, Mzee Sefania akanirudisha kwa kidole; deni la mtu la msaragambo halichangiwi. Nikabaki ukingoni nikipiga makofi mpaka viganja vikauma. Jua lilipogusa mgongo wa mlima, jembe liligonga udongo mgumu mara tatu. Mzee alichomoa fimbo yake.

"Nyumba ya Zebedayo ina maji mpaka mvua," akatangaza. "Na kesho zamu ianzie kwake."

Esta alikuwa nyuma ya kina mama. Aliondoka pale pale kwenda kumfungua mtamba, mnunuzi aliyekuwa akisubiri pale ukingoni akimfuata.

Asubuhi nilikwenda ndivani kumuaga. Zebedayo alisimama pale na sanduku lake la bati, shati jeupe, tope bado masikioni. Mzee Sefania alizibua, maji yakatoka kwa kishindo, yakaingia kwenye mfereji unaofuatana na njia ya kushuka Same. Zebedayo aliyatazama yakimpita. Kisha akaweka sanduku kichwani akaanza kukimbia kando yake. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, akiruka mawe na kunguruma, anashindana na maji. Nami nikamfuata mbio, nikipoteza kiatu kimoja. Maji yalimshinda kwa hatua chache. Tulipofika shambani kwao, Esta alikuwa ameshayageuza kwa jembe lake, nayo yanaingia kwenye mistari ya maharage.

"Pita pembeni," alimwambia mumewe. "Usinikanyagie shamba."

Akapita pembeni, akihema, akacheka njia nzima mpaka alipopotelea chini kwenye kona.