Alichosema Fundi Kuhusu Jirani Yake

Kwa miaka tisa Mama Pacha alifagia majukwaa ya stesheni ya treni, na katika miaka hiyo watu walimkumbuka siku asipofika tu. Tangazo la kutafuta askari wa usalama wa stesheni alilisoma kitambaa cha vumbi kikiwa mkononi, kwa sababu lilibandikwa kwenye ubao aliokuwa akiufuta kila asubuhi. Elimu ya sekondari, alikuwa nayo. Umri usiozidi miaka arobaini. Alikuwa amebakiza miezi minane. Tabia iliyothibitishwa na majirani. Hapo aliduwaa kidogo, kisha akaendelea kufuta.

"Mke wangu askari wa treni!" mumewe, fundi baiskeli, alicheka jioni ile. "Kwa hiyo nikirudi nyumbani nitapekuliwa mifuko?"

"Mifuko yako ina nini zaidi ya spana?"

Alicheka, lakini alfajiri iliyofuata alikuwa nje na baiskeli, akamsindikiza mkewe akikimbia kuuzunguka uwanja wa shule. Binti zao pacha walishika saa na kugombana kuhusu sekunde.

Waombaji walizidi mia tatu, nafasi zilikuwa kumi na mbili. Watu hudhani askari wa namna hii huchaguliwa kwa upana wa kifua, na siku ya mbio vijana wengi walikuja wamevimbisha vifua.

"Shangazi, umepotea njia? Foleni ya zahanati iko kule!" mmoja alimtania.

"Nitakupitia nikienda, mwanangu."

Na kweli alimpitia kwenye mzunguko wa nne, kijana ameinama anatapika. Akamshika mgongo, akamwachia chupa yake ya maji, akamaliza zikiwa zimebaki sekunde kumi na moja muda uliowekwa uishe.

Baada ya wiki moja ukaja mtihani wa kuona. Waliwekewa filamu ya dakika tatu ya jukwaa lenye abiria, kisha wakaambiwa waandike waliyoyaona. Karibu wote waliandika habari za mwanamume aliyekimbia akipiga kelele. Mama Pacha aliandika kuhusu mkoba chini ya benchi usio na mwenyewe, na kuhusu mama mmoja aliyeacha treni mbili zipite. "Huyo hasafiri," aliandika. "Angefuatwa taratibu, aulizwe kama ana shida." Msimamizi alilisoma jibu hilo mara mbili.

Uhodari huo wa kuona ndio uliomgombanisha na jirani yake.

Jirani huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Zamani, chai ikiiva, Fundi aligonga ukuta kwa mkasi mara tatu, na Mama Pacha akazunguka upande wa pili, ambako alikuwa na kikombe chake mwenyewe, cheupe chenye mkono uliobanduka rangi. Mume wa Fundi alikuwa mchukuzi wa mizigo pale stesheni. Siku moja, miaka miwili nyuma, Mama Pacha alimwona kwa macho yake akichana begi la bibi mmoja kwa wembe huku amelibeba. Mkuu wa stesheni alipouliza nani ameona, alijibu. Mchukuzi akafukuzwa, akaenda mbali kutafuta kazi, na simu zake zikapungua hadi zikaisha. Tangu siku ile mkasi haukugonga tena.

Niseme wazi: Mama Pacha alifanya lililo sawa, na lililo sawa lilimwacha jirani yake mpweke. Yote mawili ni kweli, na anayekutajia moja tu hajakupa habari nzima.

Sasa kilibaki kipimo cha mwisho, ushahidi wa majirani. Ofisa angekuja mtaani na kubisha milango mitatu, akiichagua mwenyewe.

"Nenda kwa Fundi," mumewe alisema. "Mwombe radhi. Maneno mawili tu."

"Radhi ya kusema nilichokiona?"

"Ya chochote, mama watoto! Umeshafika mlangoni, utarudi kwa sababu ya mtu mmoja?"

"Miaka miwili sijamuuliza anaishije. Hilo ndilo kosa langu, nalijua. Lakini nikienda leo, atajua nimefuata kazi. Na mimi nitajua."

Hakwenda.

Ofisa alikuwa mtu mfupi mwenye daftari. Mlango wa tatu aliobisha ulikuwa wa Fundi. Cherehani ikanyamaza.

"Unamfahamu mama wa nyumba hii ya pili?"

"Namfahamu sana. Hatusalimiani."

Ofisa akainua kalamu. "Kwa nini?"

Fundi akamweleza. Hakumficha mumewe, wala wembe.

"Kwa hiyo humpendekezi."

"Nimesema hivyo? Umeuliza kwa nini hatusalimiani, nimekujibu." Akakata uzi kwa meno. "Sikiliza, kaka. Yule alikuwa anakunywa chai yangu kila siku. Mume wangu alimwita dada. Angedanganya kidogo tu, mimi ningekuwa na mume ndani. Hakudanganya. Kama mnatafuta mtu wa kufumba macho kwa ajili ya urafiki, mwacheni. Wapo wengi."

"Na mumeo alipofukuzwa, jirani yako alifurahi?"

"Nilimsikia akilia," alisema. "Ukuta huu mwembamba."

Ofisa aliandika kwa muda mrefu.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Siku aliyopewa sare, Mama Pacha alirudi nayo mwilini, suruali ameishika kiunoni kwa mkono, kwa kuwa ilishonwa kwa mtu mwenye tumbo. Hakupitia kwake. Alisimama kwenye mlango wa Fundi.

"Sijaja kwa ajili ya kazi," alisema. "Kazi nimeshapata. Nimekuja kukuuliza unaishije. Nilipaswa kuja zamani."

Fundi alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Naishi," alisema. Kisha: "Hiyo suruali umepewa, au umemkamata mtu ukamvua?"

Mama Pacha alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Ivue. Utamkimbiza mwizi huku umeshika kiuno?" Fundi akamrushia shuka ajifunge, akaitandika suruali mezani, akaanza kubana pini. "Donge bado ninalo."

"Najua."

"Usidhani limeisha."

"Sidhani."

"Birika liko jikoni. Jimiminie."

Mama Pacha akaenda, askari mpya aliyejifunga shuka, nyuma yake mkasi ukianza kulia kwenye kitambaa. Kwenye rafu, kando ya vikombe vya nyumba, alikiona kikombe cheupe chenye mkono uliobanduka rangi, kimefunikwa kifudifudi. Kwa mazoea ya miaka tisa alipitisha kidole juu yake.

Hakikuwa na vumbi.