Nilimfuta Mama Chebet Kwa Orodha ya Mahindi

Ni mimi nilimfuta. Si chifu, si kampuni ya chai. Ni mimi, na kalamu ilikuwa yangu.

Mwaka ule wa mvua ya El Niño, mahindi yalioza shambani, halafu mvua ya mawe ikamaliza majani chai. Serikali ikaleta mahindi ya manjano ya msaada. Mimi ndio mzee wa kijiji hapa karibu na Kimulot, kwa hivyo chifu akaniambia niandike wenye njaa. Akasema walio chini ya kampuni watalishwa na kampuni.

Mama Chebet ni jirani yangu, mjane, kibarua wa kuchuma chai. Nilikuwa nimeshamwandika, nikamfuta. Nafasi yake nikaandika mama mkwe wangu, ambaye anaishi Roret na ana ng'ombe sita. Jameni, mkwe utamnyima aje?

Mama Chebet akaja. Nikamwambia, "Mama, wewe uko na mwajiri. Hii ni ya wale hawana mtu."

Akaenda kwa kampuni. Karani akamwambia chakula chao ni cha wale wanaishi kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi ndani ya shamba la kampuni. Kibarua anayetoka nyumbani kwake ni mtu wa serikali.

Akarudi kwangu na miguu, matope hadi magoti. "Mzee, kampuni imesema mimi ni wa serikali. Wewe unasema mimi ni wa kampuni. Sasa mimi ni wa nani?"

Nikamwambia nitapeleka hiyo maneno kwa kamati. Kamati ilikuwa mimi.

Alingoja wiki mbili. Halafu akauza mtamba wake kule soko ya Ndanai, akanunua mahindi. Huyo mtamba ndiye alikuwa wa kumpeleka binti yake Chebet Form One. Barua ya shule ilikuwa imeshafika! Msichana alikuwa amepita kuliko watoto wote wa hapa, wangu wakiwemo.

Aki nilijua. Nilijua na nikanyamaza, kwa sababu gunia lilikuwa limeshafika Roret.

Nyinyi mnaopewa kalamu muandike wenye njaa, msiulize mtu ni wa nani. Ingieni jikoni kwake muangalie sufuria.

Chebet hupita hapa kila asubuhi na kikapu mgongoni, akienda kuchuma chai na mamake. Hunisalimia vizuri, kwa heshima. Heri angenitukana.