Vifungo Kumi vya Bibi Thurlow

Kwa miaka kumi na tisa Enid Thurlow aliwaandalia chai wanahisabati wa Cambridge, na mwaka ule wa 1971 walimchosha kuliko miaka yote. Chai ilipoa huku wameliinamia bao la miraba, wakiweka kete na kuziondoa.

"Hivi mnacheza nini?" aliuliza, akifuta meza katikati ya viwiko vyao.

Dakta Rushbrook, mwalimu kijana, akamweleza. Kila mraba umezungukwa na mingine minane, na kete zilizomo humo ndizo majirani. Kete yenye majirani wawili au watatu inaishi. Wakipungua, inakufa kwa upweke. Wakizidi, inakufa kwa kubanwa. Mraba mtupu wenye majirani watatu kamili huzaa kete mpya. Bao zima hubadilika kwa pamoja, hatua kwa hatua.

"Kama mtaani kwetu tu," Enid akasema.

Jumapili mvua ilinyesha kutwa. Enid akatandika kitambaa cha mezani chenye miraba, akatoa kopo lake la vifungo vya nguo. Alipanga vitatu mstari mmoja: vikasimama, vikalala, vikasimama tena. Vinne vikageuka umbo lililotulia tuli. Sita vikafa vyote.

"Maskini," alisema mumewe Cyril, dereva wa treni mstaafu, akiweka gazeti chini.

Kumi havikutulia wala havikufa. Vilitanuka, vikabanana, vikatanuka. Enid akawa anachora kila hatua upande wa nyuma wa kipande cha karatasi ya kupambia kuta.

"Hapo umekosea, mama."

"Basi hesabu wewe, bwana treni."

Cyril akahesabu, Enid akapanga. Mara Cyril akagonga mchoro kwa kidole. "Hili tumeshaliona. Hatua kumi na tano nyuma."

Wakarudia. Hatua kumi na tano, umbo lilelile. Wakarudia tena.

"Linafika kwa ratiba," Cyril alisema. "Treni zangu hazikuwahi."

Jumatatu Enid alimkunjulia Rushbrook ile karatasi.

"Umbo hili lilishagunduliwa, Bibi Thurlow," alisema taratibu. Kisha akaitazama tena, hatua kwa hatua. "Halina kosa hata moja. Umetumia mashine gani?"

"Vifungo. Na mume."

Wanahisabati wakaangua kicheko, wakamvutia kiti. Rushbrook mwenyewe akammiminia chai. Enid akaonja.

"Nyepesi," alisema, akanywa yote.

Jumapili iliyofuata, ingawa mvua haikunyesha, Cyril ndiye aliyetandika kitambaa. Walianza na vifungo kumi na kimoja.