Nyumba Iliyonyolewa

"Ukuta mmoja tu! Sikuombi ghorofa, sikuombi jumba la mfalme. Nakuomba ukuta!"

"Ukuta utaua nafasi."

"Na mama yangu akisukuma huo mlango leo, akakuta kitanda chako kinamkodolea macho, atakayekufa ni nani? Nafasi?"

Kinyozi alijikuna kidevu. Alikuwa amekaa juu ya kitanda hichohicho, amebana magoti kama mteja anayesubiri zamu yake. Kitanda chenyewe kilikuwa cha zege, kimemwagwa papo hapo pamoja na sakafu. Hakisogei, hakigeuki, hakina mvungu. Mtu akiingia kwa mlango wa mbele, kitu cha kwanza kuonana nacho kilikuwa kitanda hicho. Cha pili hakikuwepo, maana ndani ya nyumba ile vitu vilikuwa adimu kama meno ya kuku.

Mkewe alisimama katikati, mikono kiunoni, mahali ambapo kwenye nyumba za watu wenye akili zao pangekuwa na mlango wa chumba. Nyumba nzima ilikuwa ukumbi mmoja mrefu. Upande huu kitanda, upande ule jiko, katikati mkeka wa watoto. Choo tu ndicho kilichojaliwa ukuta, nao uliishia shingoni, eti hewa itembee. Kwa hiyo mtu aliyekwenda haja aliweza kusalimiana vizuri na waliokuwa wanakula.

"Mama atazoea," kinyozi alisema mwishowe. "Watu wote huzoea."

"Azoee nini? Kukuona ukivua suruali?"

"Nitavulia chooni."

"Chooni unaonekana kichwa! Kichwa cha mkwe kikielea juu ya ukuta kama boga, ndicho atakachokiona akinywa chai!"

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Miguu ya yule bibi ilikuwa imeanza kumsaliti. Alikuwa ameshaanguka na ndoo njiani, na kwake hakubaki mtu wa kumchotea maji. Binti yake alikuwa amembembeleza mpaka akakubali kufunga mzigo aje akae kwao moja kwa moja. Na alikuwa njiani saa hiyohiyo. Lakini mama mkwe kulala chumba kimoja na mkwe wake, hilo hata mbuzi wangelikataa. Angeingia, angeona, angegeuka na mzigo wake arudi kuanguka peke yake.

"Na akigeuka," mkewe alisema, akishusha sauti, na hapo ndipo kinyozi alipoanza kuogopa, "mzigo wake nitaubeba mimi. Na watoto nitawabeba. Halafu utakaa humu na nafasi yako, muoane."

Mtaani walimwita Nafasi, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Neno hilo alilitamka hata pale ambapo watu wengine husema "shikamoo." Lilianzia mbali. Alizaliwa wa mwisho katika nyumba iliyojaa watu mpaka madirishani, akalala miaka yake ya utoto chini ya meza, kati ya miguu ya kaka zake. Walilala safu moja kama dagaa kwenye fungu, na mmoja akitaka kugeuka, sharti wageuke wote. Ndipo alipojiapiza kwamba siku moja atakuwa na nyumba ambayo mtu atanyoosha mikono yote miwili asiguse kitu.

Hapo hata mtu mwenye roho ngumu angemhurumia, kama angeishia hapo. Lakini kinyozi gani anajua kuishia?

Alikuja kuona picha kwenye simu. Nyumba nyeupe, tupu, kiti kimoja, na bwana mmoja ameketi anatazama nje kwa dirisha kubwa kama lango la soko. Kinyozi akaitazama picha ile mpaka simu ikamzimikia mkononi. Hakujiuliza yule bwana nguo zake anaziweka wapi. Hakujiuliza sufuria ziko wapi. Wala hakujiuliza kama yule bwana ana mama mkwe.

Basi akaichora nyumba yake kwa ufundi aliokuwa nao, ule wa kunyoa. Chochote kilichochomoza, alikata. Paa lilitaka kutokeza kidogo nje ya ukuta, kama kofia inavyokinga uso, akakata. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yakateremka ukutani moja kwa moja, yakaacha mistari miwili myeusi chini ya kila dirisha, nyumba ikawa inafanana na mtoto aliyepigwa. Mlango wa mbele ulitaka kuwa na mkono wa kushika. Akasema mkono utakata mstari. Mgeni akija husukuma kwa bega, na asiyejua huingia mbiombio hadi katikati ya nyumba kabla hajajizuia.

Na kila mfuko ulipopungua, mtindo uliongezeka. Lipu ilipokwama nusu ya ukuta, alisema saruji wazi ndio usasa. Mabati yakapigwa, dari haikuja. Akasema dari ni ya watu wanaoliogopa paa lao. Makabati aliyaita makorokoro. Meza, makorokoro. Pazia, makorokoro ya kitambaa. Fundi muashi alipouliza vyumba viwe upande gani, akaambiwa aje kwanza kibandani akae kitini, anyolewe, ndipo waongee.

Na hapo kwenye kiti ndipo palipoharibika kila kitu.

Maana kinyozi hakuwa mtu wa kujiamulia peke yake, hilo tumpe haki yake. Aliuliza watu. Aliuliza mtaa mzima! Alimlaza mteja kichwa nyuma, akampaka povu kidevuni, akaikaza ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaweka wembe juu ya koo, kisha akauliza kwa upole:

"Nafikiria kujenga nyumba isiyo na kuta ndani. Wewe unaonaje?"

"Mmh."

"Mmh nini?" Na wembe ukasimama.

"Safi! Safi sana."

Mwalimu alisema safi. Muuza mkaa alisema safi. Askari mmoja, jitu la kutisha, lenye mikono kama michi, alisema safi kwa sauti ya kifaranga. Fundi muashi naye alikaa, akapakwa povu, akaulizwa, akasema safi. Alipoinuka hakutaja vyumba tena. Walikuwepo waliotaka kutikisa kichwa, lakini wakakumbuka kichwa kiko wapi. Kinyozi akavimba. Kila jioni alirudi kwa mkewe akimwambia, "Leo tena wamekubali. Mtaa mzima wamekubali, wewe peke yako ndiye unayerudi nyuma."

Wakahamia. Panya walikuja, wakazunguka, wakakosa pa kujificha, wakahama na watoto wao wakilia. Mijusi walijaribu kushikilia sehemu iliyopigwa lipu, wakateleza. Na kuna mwizi aliyeingia mchana mweupe, wenyewe wakiwa kazini. Alitazama huku, akatazama kule, akapiga kite, akaamini wenzake wamemtangulia. Akaona huruma. Alipoondoka aliwaachia kigoda alichokuwa ameiba nyumba nyingine. Ndicho kiti pekee walichokuwa nacho, na kinyozi alikitupa nje mara nyingi sana, mkewe akakirudisha mara nyingi zaidi.

Matofali yalibaki, tena mengi. Yalirundikwa nyuma ya nyumba, yakaota majani. Kinyozi aliliita rundo lile sanamu.

"Matofali yako pale!" mkewe sasa alikuwa ananyoosha kidole kuelekea mlango wa nyuma. "Saruji mfuko mzima umekaa unagandia chooni. Hutoi hata senti. Unachotoa ni kiburi tu."

"Siyo kiburi. Nyumba hii imekubaliwa na watu. Nani aliyewahi kuikosoa? Mtaje!"

"Waikosoe vipi na wembe uko shingoni?"

"Wembe gani?"

"Wembe wako, baba watoto! Uliwauliza saa ngapi? Uliwauliza wakiwa wamelala chali, koo juu, wewe umeshika chuma! Hata mimi ukiniwekea wembe hapa ukaniuliza kama wewe ni mzuri, nitasema ndiyo."

Kinyozi alifungua mdomo acheke. Kicheko hakikuja. Kilichokuja ni shingo ya yule askari. Aliiona vizuri kabisa, kikoromeo kikipanda, kikisita chini ya wembe, kikishuka polepole, halafu "safi" ikitoka nyembamba. Akaiona shingo ya mwalimu. Akaiona ya fundi muashi, ikitoka jasho asubuhi ya baridi. Miaka yote ile alidhani watu humeza mate kwa kupendezwa.

"Si wote," alisema. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imeanza kufanana na ya askari.

"Niletee mmoja. Mmoja tu mwenye shingo yake mwenyewe. Akisema nyumba nzuri, nitanyamaza, na mama nitamtandikia hapo miguuni pako. Akisema mbaya, unapandisha ukuta leo."

"Mtu gani hapa mtaani hajanyolewa na mimi?"

Wakatazamana. Wote wawili walimkumbuka kwa pamoja.

Fundi viatu wa nyumba ya pili aliitwa Kipara. Kichwa chake kiling'aa tangu ujanani, na kidevu chake kilikuwa laini kama yai. Wembe hakuwa na shida nao, na kile kiti cha kuzunguka alikuwa hajakikalia maishani. Kinyozi alimdharau kidogo kwa hilo, kama mpishi anavyomdharau asiye na njaa. Lakini alitoka mwenyewe kumwita. Na Kipara, kwa kuwa hakuwahi kuingia mle, alisukuma mlango kwa bega, akaja mbiombio, akasimama katikati ya mkeka wa watoto, kiatu cha mteja bado mkononi.

"Hodi, shemeji," alisema, ameshafika ndani.

"Karibu, shemeji. Kuna swali lako hapa."

Kinyozi alijirudisha juu ya kitanda chake, akakaa wima. "Jirani, mimi sijakushika popote. Mikono yangu hii hapa, ione. Niambie ukweli wako. Nyumba yangu unaionaje?"

Kipara alitazama juu kwenye mabati. Akatazama lipu ilipoishia. Akautazama ule ukuta wa choo, akakitazama kitanda, akaona ni aibu, akaondoa macho haraka.

"Inaenda vizuri," alisema.

"Inaenda wapi?"

"Ujenzi, jirani. Unaenda vizuri. Mkishakata vyumba mkapiga dari, itapendeza. Mnahamia lini? Maana mke wangu amenunua sufuria ya kuwapa hongera, imekaa pale inangoja."

Mke wa kinyozi alicheka mpaka akakitafuta kigoda cha mwizi, akakikalia. "Tumeshahamia, shemeji."

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

"Acha utani!" Kipara aliangusha kiatu. "Kumbe mnaishi humu? Mimi kila asubuhi nikiona watoto wanatoka na mabegi ya shule nasema, hawa wazazi wana moyo gani, wanalaza watoto kwenye saiti! Nilitaka hata kuja kuwasema."

"Sasa umesema," mke alijibu, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Baba watoto, umesikia? Inuka. Matofali yako nyuma."

Lakini kinyozi alikuwa amepata joto la aibu, na joto hilo lilimpanda kichwani badala ya kumshuka miguuni. Akavua shati, akabaki na fulana. Akapandisha miguu yote juu ya zege, akajilaza kwa makusudi, mikono chini ya kisogo.

"Mtu mwenyewe hana hata nywele, atajua nini kuhusu mtindo! Nyumba yangu. Kitanda changu. Nimelala chini ya meza utoto mzima, leo mnataka kunirudisha chini ya meza! Ukuta haujengwi."

"Tuliahidiana!"

"Haujengwi! Mama yako akija, ajifunike shuka, ageukie ukutani alale!"

"Ukuta upi?" mkewe aliuliza.

Kinyozi alinyanyua kichwa atafute.

Mlango ukagongwa na bega. Ukagongwa tena, kwa unyonge zaidi, halafu ukaachia, na mama mkwe akaingia kwa kasi ambayo miguu yake haikuitarajia, mzigo ubavuni, mtandio umemteleza, mpaka akafika karibu kabisa na kitanda. Hapo akasimama. Akamwona mkwe wake amelala chali, ana fulana, nyayo zimemwelekea yeye.

Bibi wa watu akageuka papo hapo, akawapa mgongo. Akauvuta mtandio mpaka puani.

"Nisameheni, wanangu," alisema kwa upole, akiongea na mlango. "Macho nayo yameharibika kama miguu. Nimepitiliza sebule bila kuiona, nikawaingilia hadi chumbani. Nielekezeni tu ilipo, nikakae huko niwasubiri."

Kipara aliinama akaokota kiatu, akaanza kukikagua kisigino kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Mke wa kinyozi hakumtazama mama yake. Alimtazama mume wake.

Kinyozi akafungua mdomo. Neno lake alilolizoea lilifika mpaka kwenye meno, likakwama. Alishusha miguu sakafuni taratibu, asitoe sauti. Akalivaa shati nje ndani. Kisha, katika nyumba ile yenye nafasi ya kupitisha ng'ombe na mkokoteni, alipita ubavuubavu, tumbo amelivuta ndani, amejibana ukutani kama mtu aliye kwenye umati, mpaka akaufikia mlango wa nyuma.

Waliobaki ndani walisikia majani yakikwanyuliwa, halafu tofali likigonga tofali.