Siku Mama Alipotaka Bustani ya Pili

Sukari ikiungua mahali, iwe kwenye sufuria ya jirani au kwenye kibanda cha keki za gofri karibu na kituo cha tramu, mkono wangu hutafuta ghafla kitu cha kushika. Mume wangu hucheka. Anasema mimi ndiye mtu pekee Brussels nzima anayeogopa peremende. Namwacha acheke. Nyinyi nitawasimulia, kwa sababu hamtanicheka, na mkinicheka sitawaona.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Evere, mtaa wa Brussels, ghorofa ya nne, watu watano katika vyumba vitatu. Papa alikuwa mhudumu wa wagonjwa katika hospitali kubwa kule Jette. Mama alisafisha ofisi alfajiri na kurudi kabla hatujaenda shule. Kaka yangu Patrick alikuwa na miaka kumi na minne na ndevu tatu, ambazo alizikagua kila asubuhi kwenye kioo. Halafu mimi, Aline, kisha Josué wa miaka mitano, ambaye hakutembea kama angeweza kukimbia. Wazazi walitoka Bukavu wakati wa vita, Patrick akiwa mgongoni mwa mama. Mimi na Josué tulizaliwa hapahapa, na Patrick hakuacha kutukumbusha jambo hilo. Ungemsikia ungedhani alitoka Kivu kwa miguu na mzigo kichwani.

Nyumba yetu haikuwa na kelele. Bibi mmoja Mbelgiji, jirani yetu mwenye mbwa, alimsifu mama kila walipokutana kwenye lifti: watoto wako watulivu kweli, madame. Mama alitabasamu na kutazama namba za ghorofa. Kina mama wengine wa Kikongo mnawajua. Humwita mtoto kutoka dirishani mpaka mtaa mzima ujue jina lake na kosa lake. Mama yangu hakutuita kwa sauti hata siku moja. Alishuka ngazi zote, akavuka uwanja wa mchezo, akanigusa bega. "Kuya kula." Basi. Na sisi tukipayuka hakutugombeza. Alikuja upesi, akatufunika mdomo kwa kiganja chake, taratibu, huku macho yake yakiwa mlangoni. Nilidhani hiyo ndiyo adabu ya Bukavu.

Mwaka huo papa alipata wiki moja ya mapumziko katikati ya Agosti. Tonton Déo, rafiki yake wa kanisani, aliahidi kutuazima gari Jumatano na Jumamosi. Jumatano ilikuwa ya watoto: bustani ya michezo, ile yenye mabembea makubwa na vigari vya reli vinavyopanda hadi mawinguni na kuporomoka. Jumamosi papa alikuwa ameshaipangia bahari. Alitaka tuone maji yasiyo na ng'ambo. Ziwa la kwao, alisema, ni zuri kuliko bahari yoyote ya Wabelgiji, lakini kosa lake ni kwamba ukisimama ufukweni unaona nchi ya watu wengine.

Jumatano kulikuwa na manyunyu, na kila kibanda kilinuka sukari inayoungua. Mama alibeba kuku, makemba, zile ndizi za kukaanga, na mikate, yale maandazi yetu ya mviringo, maana hakuamini kwamba Mzungu angeweza kutulisha siku nzima. Tulikula kwenye benchi huku watu wakitutazama kwa wivu. Mimi nasema ni wivu. Tulipomaliza kufuta mikono, Josué hakuwepo.

Sijasahau uso wa mama. Alisimama, akageuka kushoto, akageuka kulia, akafungua mdomo. Ulifunguka kabisa, mishipa ya shingo ikamsimama, na hakuna kilichotoka. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi kama samaki wa dukani. Papa ndiye aliyepaza sauti, "Josué! Josué we!" na mtoto akapatikana mara moja, akivua bata wa plastiki katika karai la maji pamoja na watoto wasiomjua. Papa alimnasa kofi dogo la shukrani.

Baada ya hapo mama hakutaka kwenda popote. Alisimama chini ya kigari kikubwa cha reli, mkono wake ungali mkononi mwangu, akitazama juu. Kila kigari kilipoporomoka, watu walipiga mayowe hadi chuma kikatetemeka.

"Aline, bale bantu banalia?"

"Hapana, maman. Banafurahi."

"Na hakuna muntu anakuja kubanyamazisha?"

"Hapana. Kila muntu anapiga kelele vile anataka."

Kigari kikapanda tena. "Kumbe," akasema. Alitetemeka, na hakukuwa na baridi ya kumtetemesha mtu. Nikasema moyoni, mama anaumwa, mahali hapa panamuumiza, na mimi nitahakikisha harudi tena. Mtoto wa miaka kumi akiamua kumlinda mama yake, hana mchezo.

Kumbe Patrick naye alikuwa na lake. Jioni hiyohiyo alichomoa mfukoni kijikaratasi cha rangi cha bustani nyingine, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, yenye kigari kirefu zaidi. Akaanza kampeni. Josué alinunuliwa kwa biskuti mbili. Mimi niliahidiwa baiskeli yake kwa mwezi mzima, na nikamwambia nitafikiria, nikijua kabisa nitakavyosema.

Papa alikuwa na desturi yake ya kuamua mambo ya nyumba. Baada ya chakula tuliomba, kisha kila mmoja alisema, kuanzia mdogo hadi mkubwa, kwa sababu, alisema, neno la mkubwa likitangulia linaziba midomo ya wadogo. Ilikuwa desturi nzuri, ila ilikuwa na tundu. Zamu ya mama ilipofika, mama alisema sikuzote, "Miye niko nyuma ya papa yenu." Kwa hiyo papa alikuwa na kura mbili, na sikumbuki baraza hata moja aliloshindwa.

Alhamisi, sahani zikiwa bado mezani, papa alisafisha koo. "Bon. Samedi tuko na voiture ya Déo. Patrick analeta question: bahari, ao parc ingine. Josué, sema."

"Parc!"

"Aline."

"Bahari," nikasema. Patrick alinipiga teke chini ya meza, teke la baiskeli ya mwezi mzima.

"Patrick."

"Parc. Donc, deux contre un." Wawili kwa mmoja.

Papa alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mimi pia. Tulikuwa tumeshinda, mimi na yeye na kura ya mama. "Maman Patrick?"

Mama alikuwa amekivuta kile kijikaratasi upande wake. Kidole chake kilikuwa juu ya picha ya kigari, palepale reli inapofika kilele na kushuka. "Leo sitakaa nyuma ya muntu," akasema. "Miye nataka tuende huku."

Hata Josué aliacha kutafuna.

"Weye?" papa akasema. "Mercredi kule parc ulikuwa unatetemeka. Batoto balikuona."

"Njo maana."

"Itakuletea mambo mubaya. Nakujua."

"Papa Patrick, iko miaka ngapi naomba kitu?"

Papa alifuta uso kwa kiganja. Akasema kwa sauti ya chini, si kwetu, kwa mama peke yake: "Maman Clarisse, tafazali."

Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kanisani, shuleni, kwenye simu za kutoka Bukavu, mama alikuwa Maman Patrick. Hatukumjua Clarisse yeyote. Patrick, mtoto wa kwanza, mwenye ndevu tatu, aliweka uma chini. "Clarisse ni nani?"

"Nilikosea," papa akasema.

 Mama alimtazama papa kwa muda mrefu, wala si kwa hasira, na macho yake yakajaa maji yasiyodondoka. Papa akasimama, akaanza kukusanya sahani, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya. Kutoka jikoni akasema, "Samedi tutaenda."

Nilikasirika. Nililala nikiwa nimewapa mgongo wote, nikiwaza kwamba katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayemhurumia mama.

Jumamosi mama alivaa kitenge chake cha sherehe na kilemba. Patrick alitaka kufa kwa aibu. Papa, ambaye aliimba nyimbo za kwaya kila aliposhika usukani, hakuimba hata ubeti. Tulipofika, Patrick alitoweka kwenye umati ili asionekane nasi, na Josué alimvuta papa kwenye farasi wa mbao. Mama hakuuliza njia. Alifuata mayowe.

Kulikuwa na kipimo cha urefu mlangoni. Nilipita kwa unene wa vidole viwili, nikajuta kukua. Tuliketi mstari wa mbele, mama akakunja kitenge chini ya mapaja, kijana wa kazi akatushushia chuma kifuani. Tukaanza kupanda. Niliomba Baba Yetu nikarukaruka mistari. Mama hakuomba. Alikuwa anavuta pumzi, ndefu, moja baada ya nyingine, kama mwogeleaji.

Tukafika kileleni. Tukashuka. Mama akaita:

"Clarisse!"

Sikuwahi kuisikia sauti hiyo. Ilikuwa kubwa, nene, ya mwanamke ninayeweza kumwogopa. Haikuwa yowe la woga. Yowe la woga halina jina. Aliita tena kwenye kona, na tena tulipopinduka miguu juu, "Clarisse! Clarisse we!" na watu ishirini nyuma yetu walipayuka ya kwao, na hakuna aliyegeuka.

Mlangoni pa kutokea palikuwa na kioo chenye picha zetu, zilizopigwa wakati wa kushuka. Kila mdomo ulikuwa wazi. Kama usingemjua mama, usingeweza kumtofautisha na wenzake.

"Turudie," akasema.

Tukarudia. Mara ya pili nilimwona papa chini, amemshika Josué, amejifunika uso kwa kofia. Mara ya tatu nikaona jambo lililonitisha kuliko kasi. Kila alipomaliza kuita, mama alinyamaza na kuinamisha kichwa upande mmoja, hata hapo kigari kilipokuwa kinaturusha huku na huku. Alikuwa anasikiliza.

Mara ya nne sikuweza tena kuvumilia. Mnajua tulivyolelewa: mkubwa akiita mtoto na mtoto huyo hayupo, yeyote aliye karibu huitika. Huwezi kumwacha mkubwa aite hewani. Hiyo ndiyo adabu yote niliyokuwa nayo, na sikuwa na kingine cha kumpa. Tukashuka, akaita, "Clarisse!" na mimi, kwa nguvu zangu zote, nikaitika:

"Niko hapa, maman!"

Kichwa chake kiligeuka. Hakunitazama kama Aline. Kwa sekunde moja, labda chini ya hapo, alimwona mtu mwingine kwenye kiti changu, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kumpa, wala Patrick, wala Josué. Kisha akaniona mimi. Kigari kikasimama, chuma kikainuka.

"Bon," akasema. "Turudi kwetu." Sauti yake ilikuwa imekwisha. Ilichukua siku tatu kurudi.

Miaka kumi na sita ilipita kabla hajanieleza. Nilikuwa nimejifungua binti siku hiyo, na mama alikuwa amempakata, akizungumza akimtazama yeye badala yangu. Clarisse alikuwa na miaka minne. Walikimbia wengi pamoja, papa akiwa mji mwingine, wakajificha msituni kando ya barabara, na wenye bunduki walikuwa wanapita karibu kiasi cha kusikia maongezi yao. Mama alikuwa na Patrick mgongoni, amemziba mdomo. Clarisse alikuwa ameshikwa mkono na shangazi, na katika kusukumana mikono ikaachiana. Watu walipojihesabu, hayupo. Mama alitaka kuita. Wenzake wakamwekea viganja mdomoni: ukiita, tunakufa wote, na huyo wa mgongoni. Akanyamaza. Walikaa pale hadi barabara ikatulia, kisha wenzake wakamsogeza mbele, na hakumwona Clarisse tena. "Pengine alikuwa karibu," aliniambia. "Pengine alikuwa anangojea tu nimwite."

Kwa hiyo hakuwa mgonjwa siku ile ya Jumatano. Alikuwa ameona mahali ambapo mtu anaweza kumwita mwanawe kwa nguvu zote asimwue mtu. Nami nilipiga kura dhidi yake, kwa mapenzi, nikijiona mwema.

Lililobaki ni lile jibu langu. Nimelibeba hadi leo. Sijui kama nilimpa kitu alichokuwa amekosa, au nilimnyang'anya kungoja kwake, maana hajaomba tena kwenda bustani yoyote. Sijathubutu kumuuliza. Tangu Jumamosi ile alianza kutuita kwa sauti, kutoka dirishani, ghorofa ya nne, kama kina mama wote, na bibi mwenye mbwa akaacha kumsifu.

Sasa mama amezeeka na majina yanamchanganya. Jumapili akija kwangu, yeye jikoni na mimi sebuleni, mara nyingine huita lile jina jingine, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaka kuletewa chumvi. Binti yangu huniangalia aone nitafanya nini.

Huwa naitika.